Msiipe nepenthesi samadi wala maji ya bomba

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua tuseme neno kuhusu nepenthesi, ule mmea unaoning'iniza mitungi midogo yenye vifuniko kwenye ncha za majani na kunasa wadudu. Siku hizi unaonekana kwenye vibaraza vya Arusha na Moshi, na mara nyingi unaonekana ukifa. Mtu anaununua ukiwa na mitungi kumi, na baada ya miezi mitatu amebaki na majani matupu yenye ncha nyeusi. Anaambiwa ni baridi, au mmea umekosa nzi wa kula. Kwa kawaida si hivyo. Alipoufikisha nyumbani aliuonea huruma kwa jinsi ulivyobanwa kwenye chungu kidogo, akauhamishia kwenye chungu kikubwa cha saruji chenye udongo mweusi na samadi iliyoiva, kisha akawa anaumwagilia maji ya bomba kila asubuhi. Mgomba ungeshukuru. Nepenthesi haiwezi kuyastahimili hayo yote matatu: udongo, chungu wala maji.

Asili yake inaeleza sababu. Aina nyingi zinatoka Borneo, Sumatra na Ufilipino, lakini zipo hata huku kwetu Bahari ya Hindi: Madagaska ina aina mbili, na Shelisheli ina moja, Nepenthes pervillei, inayoota kwenye miamba ya kisiwa cha Mahé na cha Silhouette. Mfaransa Étienne de Flacourt aliuandika mmea wa Madagaska mwaka 1658. Bara la Afrika lenyewe halina hata aina moja ya asili. Kote huko nepenthesi kwa kawaida huota mahali ambapo mvua imeosha ardhi mpaka ikabaki chachu, yaani yenye asidi, na isiyo na rutuba. Nitrojeni na fosforasi inazipata zaidi kwa wadudu wanaoteleza na kuzama ndani ya mtungi, na mizizi imeachiwa hasa kazi ya kushika na kunywa maji. Mizizi ya namna hiyo ikiwekewa samadi, chumvi za mbolea huwa nyingi nje kuliko ndani, na maji yanatoka kwenye mzizi badala ya kuingia. Mmea unanyauka huku chungu kimelowa. Mwenye nyumba akiona umenyauka anaongeza maji, na hapo mizizi inaoza.

Mizizi yenyewe inahitaji kujulikana kabla mtu hajaigusa, kwa sababu imewaponza wengi. Ni michache, myembamba kama nywele za brashi ya viatu, na ni myeusi ikiwa na afya kamili. Anayeiona mara ya kwanza hudhani yote imeoza, anachukua mkasi anaikata, na mmea unaishia hapo. Ubonyeze mzizi mmoja kwa kucha. Mzima unakaza, na ncha yake mpya ni nyeupe au kahawia hafifu. Uliooza unateleza, ganda lake linavuka kama soksi likiacha uzi mwembamba katikati, na chungu kizima kinanuka yai viza. Huo wa pili ndio wa kukata, na mkasi uwe umefutwa kwa spiriti.

Nepenthesi haihamishwi kwa sababu tu chungu kinaonekana kidogo. Inapenda kubanwa kidogo. Inahamishwa pale kilichomo chunguni kimechakaa, kwa kawaida baada ya miaka miwili hivi: kimeshuka, kimekuwa kama tope, na maji ukimwaga yanasimama juu badala ya kuzama mara moja. Uliyoinunua jana iache kwanza kama mwezi mmoja izoee hewa ya kwako, isipokuwa kama unasikia ile harufu ya yai viza. Kwa Arusha, iliyo mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, wakati mzuri ni mvua za masika zinapoanza mwishoni mwa Machi, au vuli mwezi wa Novemba, hewa ikiwa na unyevu na usiku ukiwa haujapoa sana. Juni mpaka Agosti mizizi inalala, haiponi majeraha. Januari na Februari hewa ni kavu na jua ni kali, majani yanapoteza maji kuliko mizizi iliyosumbuliwa inavyoweza kurudisha. Moshi iko chini na ina joto zaidi, kwa hiyo baridi ya Julai si tatizo kubwa huko, ila ukavu wa Februari ni uleule.

Chungu kiwe cha plastiki. Vile vya saruji vinavyouzwa kando ya barabara ni imara na vinapendeza, lakini saruji inatoa chokaa kidogo kidogo kila inapolowa, na chokaa inaondoa uchachu ambao mmea huu unautegemea. Cha udongo wa kuchomwa kinakausha haraka na kinahifadhi chumvi kwenye kuta zake, ndiyo ule ukoko mweupe unaouona kwa nje. Kama mmea uko kwenye chungu cha sentimita 12, nenda cha 15, usiruke mpaka 25, kwa kuwa sehemu isiyofikiwa na mizizi hubaki imelowa na kuoza. Mashimo ya chini yawe sita au zaidi. Kama ni machache, pasha msumari moto uongeze.

Cha kujaza chungu ndicho kinachosumbua wengi. Kinachofaa zaidi ni sifagnamu, ile kuvumwani ya nyuzi ndefu inayouzwa ikiwa imekaushwa na kushindiliwa kwenye pakiti, ikichanganywa na vitu vinavyopitisha hewa. Kwa chungu cha sentimita 15 chukua kopo la nusu lita upime hivi: makopo mawili ya sifagnamu iliyolowekwa na kukamuliwa, kopo moja la perlaiti, zile chembe nyeupe nyepesi zinazotumika kwenye vitalu vya miche, na kopo moja la magome ya msonobari yaliyokatwa vipande vya sentimita moja hadi mbili. Ongeza gao moja la mkaa wa kawaida wa mti uliopondwa na kuoshwa mpaka maji yatoke bila majivu, kwa sababu majivu ni kama chokaa tu kwa mmea huu. Mkaa wa kubumba usiutumie, una vitu vya kugandishia. Magome mabichi kutoka kiwanda cha mbao yaloweke wiki tatu au nne ukibadilisha maji, utomvu utoke.

Ukikosa sifagnamu, kokopiti inaweza kushika nafasi, hasa ile ya vipande vya makumbi badala ya unga. Lakini makumbi ya nazi hubeba chumvi nyingi, na usiioshe mara moja ukaridhika. Loweka kwa maji ya mvua, kamua, mwaga, rudia mara tano au sita. Na usome mfuko kabla hujalipa: pitimosi, yaani mboji ya vinamasini, na kokopiti nyingi zinazouzwa kwa wakulima wa nyanya na pilipili hoho zimeshachanganywa na mbolea ya kuanzia miche. Hiyo ni nzuri kwa nyanya. Ukiitia kwenye nepenthesi utaona ncha za majani zikiungua ndani ya wiki chache.

Wengine watauliza kuhusu kokoto nyepesi za volkano, kwani si zimejaa huku kwetu? Zinapitisha hewa vizuri, ila Mlima Meru ni volkano ya mawe yenye magadi mengi na si kila kokoto inafaa. Zioshe, dondoshea siki kwenye chache. Zikitoa povu ziache. Zisipotoa, ziloweke wiki nzima kwenye maji ya mvua kisha upime maji yale kwa kipimo tutakachokitaja hapa chini.

Siku moja kabla ya kuhamisha, mwagilia mmea vizuri. Siku yenyewe loweka sifagnamu nusu saa kwenye maji ya mvua, ikamue kama sponji mpaka idondoshe matone machache tu. Perlaiti ilowanishe kabla ya kuimimina, vumbi lake linadhuru mapafu. Ziba midomo ya mitungi kwa pamba kidogo. Ukiinamisha mmea bila kufanya hivyo, supu ya wadudu inamwagika kwenye mizizi na kualika ukungu, na mtungi unabaki bila maji yake ya kuyeyushia chakula. Shika shina sehemu ya chini katikati ya vidole viwili, geuza chungu kikae ubavu, minya kuta zake pande zote, kisha acha bonge la mizizi litoke lenyewe. Usivute. Likikataa, kata chungu kwa mkasi. Chungu cha plastiki ni bei rahisi kuliko mmea.

Bonge usilioshe likabaki uchi. Tikisa kidogo, kilicholegea kidondoke, kilichoshikana na mizizi kibaki. Weka sentimita mbili za magome chini ya chungu kipya, simamisha mmea katikati, shingo ya shina iwe kwenye kimo kilekile ilichokuwa nacho. Jaza pembeni kwa mkono mwepesi, gonga chungu mezani mara mbili tatu mchanganyiko ushuke, na usishindilie kwa vidole gumba kama unavyoshindilia mche wa kahawa. Nafasi za hewa unazoziua kwa vidole ndizo mizizi inazopumulia. Maliza kwa kumwaga maji ya mvua, lita moja mpaka mbili, mpaka yanayotoka chini yawe safi. Toa pamba. Mtungi uliomwagika ujazie maji ya mvua mpaka robo yake, usizidishe. Shina likiyumba lifungie kwenye kijiti.

Wiki mbili mpaka tatu zinazofuata mmea ukae kivulini penye mwanga, umefunikwa na mfuko wa plastiki unaoona ndani, wenye matundu manne matano, ukishikiliwa na vijiti usiguse majani. Mfuko usikutane na jua la moja kwa moja hata kidogo, utaupika mmea kwa saa moja. Baadaye ufungue saa chache kwa siku, uongeze kila siku, mpaka uutoe kabisa. Mitungi miwili au mitatu ya zamani itakauka kuanzia juu, kifuniko kwanza. Hilo ni la kawaida. Kata sehemu iliyokauka na uache jani lenyewe, bado linautengenezea mmea chakula kwa mwanga. Kila jani hutoa mtungi mmoja tu maisha yake yote, hivyo usingoje uote mwingine mahali pale. Angalia jani jipya. Kwenye ncha ya kikonyo chake kuna kitu mfano wa kichwa cha njiti ya kiberiti, kina manyoya ya kahawia na kimetazama chini. Baada ya siku kadhaa kinajikunja kutazama juu, kinavimba, kinakuwa mtungi kamili uliofungwa, na ndani tayari una maji ambayo mvua haijawahi kuyagusa. Kisha kifuniko kinaachia. Kichwa kile cha kiberiti kikikauka kabla ya kuvimba, hewa ni kavu mno au mwanga hautoshi, na kuongeza maji chunguni hakusaidii.

Sasa maji, maana hapa ndipo Arusha inapotofautiana na sehemu nyingine. Maji ya ardhini kuzunguka Mlima Meru yana floraidi nyingi, kila mtu anajua meno ya kahawia yanatokana na nini, na pamoja na floraidi kuna chumvi nyingine, hasa zenye sodiamu. Kuchemsha hakuziondoi, maji yanapungua na chumvi zinabaki, kwa hiyo zinakolea zaidi. Mkaa wa mifupa, ule ambao kituo cha Ngurdoto kimekuwa kikiutumia kusafisha maji ya kunywa, unaondoa floraidi na kuyafanya salama kwa meno ya mtoto. Chumvi nyingine hauzigusi, kwa hiyo nepenthesi haisaidiki nayo. Maji ya chupa ya kunywa nayo mara nyingi yana madini.

Nunua kipimo cha mfano wa kalamu kinachosoma chumvi zilizoyeyuka majini. Unakichovya, kinaandika namba, yaani miligramu kwa lita. Maji ya nepenthesi yasizidi 50. Mpaka 100 mmea utavumilia kwa muda, ukiusuuza kila mara kwa maji ya mvua. Juu ya hapo unahesabu siku. Maji ya mvua safi husoma chini ya 20. Ya Moshi yanatofautiana kwa chanzo, kwa hiyo pima ya bomba lako mwenyewe na usitegemee namba ya jirani.

Kukinga mvua si kazi ngumu. Paa liwe la bati, lisiwe la vigae vya saruji. Acha dakika kumi za kwanza ziondoke na vumbi na kinyesi cha ndege, kisha kinga kwenye dumu au tanki la plastiki lenye mfuniko. Tanki la saruji lina tatizo lilelile la chokaa. Mmea mmoja kwenye chungu cha sentimita 15 unatumia kama nusu lita mara tatu kwa wiki, yaani lita moja na nusu. Kutoka Juni mpaka Oktoba ni wiki 22, jumla lita 33. Madumu mawili ya lita 20 yaliyojazwa Mei yanakuvusha kiangazi chote na kubakiza. Yakikuishia, maji ya betri yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta yanafaa, mradi ni maji kweli na si asidi, kwani chupa zake hufanana. Soma lebo mara mbili, kisha upime.

Mwagilia kwa juu mpaka maji yatoke chini, halafu uache sehemu ya juu ianze tu kukauka. Usikiache chungu kimesimama kwenye sahani ya maji. Ushauri huo ni wa mimea mingine inayokula wadudu, ile ya kwenye vinamasi vya Marekani, na watu wanaubeba mzimamzima mpaka kwenye nepenthesi.

Mwanga uwe mwingi lakini uliochujwa: kibaraza kinachotazama mashariki, au chini ya neti ya kivuli ya asilimia 50. Vumbi la Septemba lifute kwenye majani kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya mvua. Kuhusu kulisha, mmea ulio nje unajilisha wenyewe kwa sisimizi na nzi. Tafadhali msiutie nyama, dagaa wala maziwa. Vinaoza kabla mtungi haujaviyeyusha, na mtungi unakufa navyo. Vidung'ata vyeupe kwenye makwapa ya majani viondoe kwa kijiti cha pamba chenye spiriti, urudie kila wiki mpaka viishe, na uache sabuni na dawa za mafuta.

Ukikuta shina limeoza chini, bado kuna njia. Kata kipande cha juu penye tishu ya kijani safi, chenye majani mawili au matatu, punguza kila jani nusu, kisimike kwenye sifagnamu tupu iliyokamuliwa, funika na mfuko, weka kivulini. Mizizi huchukua mwezi mmoja mpaka mitatu. Usikichomoe kutazama, kikitoa jani jipya lenye nguvu ndiyo jibu.

Kwa anayeanza, chotara aitwaye ventrata ndiye mvumilivu kuliko wote, anakaa Arusha na Moshi bila ugomvi. Zile za milimani, ambazo kwao zinaota juu ya mita 1,000 na zinahitaji usiku wa baridi, zinafaa Arusha. Za tambarare kama ampullaria zinafaa Moshi, zikikingwa na upepo wa Julai. Aina iitwayo rajah, ya Mlima Kinabalu huko Borneo, waachieni wenye vibanda maalumu.

Yapo mambo mawili ya sheria ambayo wauzaji hawayataji. Aina zote za nepenthesi zimo kwenye mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, na rajah na khasiana zimewekwa kwenye orodha kali zaidi. Anayeagiza kutoka nje anahitaji kibali cha kuingiza mimea na cheti cha afya ya mimea kutoka ilikotoka. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, makao yake yako hapahapa Arusha. Hakuna sababu ya mtu kupitisha mimea kwenye begi la nguo.

La pili linatuuma zaidi. Tumeanza kuona vifurushi vya kuvumwani mbichi vikiuzwa kama sifagnamu, na ukitazama ni ile inayobanduliwa kwenye magogo na matawi ya msitu wa mlimani. Kuitoa ndani ya Hifadhi ya Kilimanjaro au ya Arusha ni kosa. Msitu ule unanasa ukungu na kuachia maji polepole kwenye mito tunayoitegemea sote, na kuvumwani inayochukuliwa kwa dakika tano imechukua miaka mingi kuota. Na mnunuzi hapati kitu: si sifagnamu, inaoza chunguni ndani ya miezi michache na kuja na konokono na mayai ya wadudu. Sifagnamu halisi ikiwa kavu ni nyepesi mno, nyuzi zake ni ndefu na za rangi ya majani makavu, na ukiilowesha inavimba mara kadhaa. Inayouzwa mbichi, ya kijani kibichi na yenye magamba ya mti yaliyogandia chini, msiinunue.

Tunakuomba, Mhariri, barua hii itoke kabla masika hayajaisha, watu wawahi kujaza madumu.

Watunza vitalu,
Njiro, Arusha